Tairi Lisilopata Pancha na Swali la Fundi wa Chalinze

Mwezi uliopita nilipata pancha kilomita chache kupita Chalinze, nikielekea Morogoro, na tairi la nyuma likanivumilia kwa shida mpaka kwenye banda la fundi. Lilikuwa banda la kawaida: tairi kuukuu limetundikwa kwenye nguzo badala ya kibao, kompresa imefungwa kwa mnyororo kwenye shina la mwembe, na beseni la maji liko kando. Fundi alipandisha gari kwa jeki, akalizungusha gurudumu huku akilipaka maji ya sabuni, na mapovu yakamwonyesha mahali. Alichomoa msumari wa inchi mbili kwa koleo, akalisugua tundu kwa chuma chenye meno, akapenyeza kamba iliyopakwa gundi kwa sindano yake nene, akavuta sindano na kuiacha kamba ndani, kisha akakata kwa wembe ncha zilizobaki nje. Kazi ilichukua dakika kumi na kunigharimu shilingi 5,000, pamoja na utani kidogo kuhusu wale wanaosemekana kuipanda misumari barabarani ili mabanda yasikose wateja.

Kompresa ilipokuwa ikinguruma, nilimwonyesha kwenye simu video ya gari dogo likipita juu ya ubao wa misumari kwa matairi yasiyo na upepo kabisa. Ubavu wa matairi hayo uko wazi, na ndani yake zinaonekana spoki bapa zilizopinda kama mbavu za samaki. Aliitazama mara mbili. Nilitarajia aniambie kwamba kazi yake imekwisha, lakini akauliza: "Sasa kaka, hivi vijiti vikikatika, unaviziba na nini?"

Mengi ya yale yanayoandikwa kuhusu matairi haya huanza na ahadi kwamba pancha itakuwa habari ya kale. Yule fundi alianzia upande wa pili, yaani pale kifaa kinapoharibika, kwa sababu huko ndiko anakoishi. Ninakubaliana naye. Tairi la upepo limedumu zaidi ya karne moja kwa sababu mara nyingi huharibika kwa namna inayotengenezeka palepale lilipoharibikia, na kila mbadala unaoletwa, uwe ule usiotumia upepo au ule unaostahimili pancha, unapaswa kupimwa kwa kipimo hicho kabla ya kupelekwa kwenye ubao wa misumari.

Ni vizuri kwanza kuona kazi inayofanywa na upepo. Gari dogo lenye uzito wa kilo 1,200 likiugawanya uzito huo sawasawa, kila gurudumu linabeba kilo 300. Geji ikisoma 32, yaani paundi 32 kwa inchi ya mraba, upepo unasukuma kwa nguvu ya kilo 2.25 hivi kwa kila sentimita ya mraba, na tairi litabonyea mpaka sehemu inayogusa lami ifikie kama sentimita za mraba 133, ambalo ni eneo la kukaribia kiganja cha mtu mzima na vidole vyake. Kwa viganja vinne tu gari linakata kona, linafunga breki na kuupanda mlima Kitonga. Ukiongeza abiria na magunia, unaongeza upepo kidogo na tairi linakuwa gumu kiasi unachotaka. Hakuna sehemu nyingine ya gari ambayo dereva anaweza kuubadilisha ugumu wake kwa kifaa cha mkononi, pembeni mwa barabara, kwa gharama isiyofika bei ya soda.

Jambo lisiloonekana kwa macho ni kwamba gari halikai juu ya tairi kama mtu akaavyo juu ya mto. Linaning'inia. Upepo unazivuta nyuzi zilizo ndani ya ubavu wa tairi pande zote kuizunguka rimu, kama kamba za hema zilizokazwa. Upande wa chini unapobonyea, nyuzi za pale hulegea, na zile za juu zinaendelea kuvuta, hivyo rimu inabaki imening'inizwa na sehemu ya tairi iliyo juu yake. Wanaobuni tairi lisilo na upepo wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana michoro yao mingi inaiga mpango huohuo: spoki za juu zinavuta, za chini zinajikunja kuacha nafasi ya kubonyea. Kwa hiyo wanachokitafuta ni kitu kigumu kitakachofanya kazi ya upepo, na hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Historia inaonyesha kwamba upepo wenyewe haukukubaliwa mara moja. Mskoti Robert William Thomson alipata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1845, akiwa na umri wa miaka 23, kwa ajili ya magari ya kukokotwa na farasi, na wazo lake likasahauliwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akifanya kazi Belfast, alilibuni upya kwa ajili ya baisikeli ya miguu mitatu ya mwanawe. Ndugu wawili wa Clermont-Ferrand, André na Édouard Michelin, waliingiza gari lenye matairi ya upepo katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi mwaka 1895. Hawakushinda, na pancha ziliwaandama njiani. Waliokuwa wakitumia magurudumu ya mpira mtupu walikuwa na hoja iliyoonekana nzito: gurudumu lao halikutoboka. Hata hivyo, katika miaka michache mpira mtupu uliachwa kwenye magari ya abiria, kwa sababu watu waliona afadhali kuziba tairi mara kwa mara kuliko kutikiswa mifupa kila siku na kuuona mwili wa gari ukilegea nati moja baada ya nyingine.

Mwaka 2005 kampuni ileile ya Michelin ilionyesha Tweel, kipande kimoja kilichounganisha tairi na gurudumu, chenye spoki za plastiki inayonyumbulika. Lilipofungwa kwenye gari dogo la majaribio lilitembea, likakata kona vizuri, na likaanza kutetemeka na kupiga kelele mwendo ulipozidi kilomita 80 kwa saa. Sababu yake si ngumu kuielewa. Spoki hujikunja kila inapofika chini na kunyooka kila inapoinuka. Gurudumu la gari dogo lina mzingo wa kama mita 1.8, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka mara 15 kwa sekunde, na safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo ni kama kilomita 450, inaikunja na kuikunjua kila spoki mara laki mbili na nusu. Kila mkunjo unazaa joto, na joto hilo linaichosha plastiki. Upepo nao unabanwa na kuachiwa mara hizohizo, lakini haupati ufa. Zaidi ya hapo, upepo ni mmoja pande zote, ilhali spoki zinafika chini moja baada ya nyingine, na kila moja inagonga kivyake. Kwa mwendo mkubwa mipigo hiyo huungana kuwa mvumo unaosikika ndani ya gari.

Tweel halikufa. Mwaka 2014 Michelin ilifungua kiwanda chake huko Piedmont, jimbo la South Carolina, kwa ajili ya vijiko vidogo vya ujenzi na mashine za kukatia majani, vyombo ambavyo havikimbii na vinavyoshinda kwenye misumari, vyuma na visiki. Humo tairi lisilo na upepo limepata makazi ya kweli. Hata gurudumu maarufu kuliko yote yasiyo na upepo, lile la waya uliofumwa lililotumiwa na gari la wanaanga wa Apollo mwezini mwaka 1971 na 1972, lilifanya kazi yake chini ya kilomita 20 kwa saa na kwa safari ambazo, ukizijumlisha zote za gari moja, hazifiki kilomita 40.

Toleo linalozungumzwa zaidi sasa linaitwa Uptis, lililotangazwa Juni 2019 na Michelin pamoja na General Motors jijini Montreal, kwa lengo la kuanza kulifikisha kwenye magari ya abiria pengine kufikia mwaka 2024. Spoki zake zimetengenezwa kwa mpira na resini iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, zikishikamana na gurudumu la alumini. Waandishi walialikwa kuliendesha kwenye Mini ya umeme katika maonyesho ya magari ya Munich mwaka 2021, na kwa maelezo ya wengi wao lilikwenda vizuri. Mwaka 2024 umepita na mteja wa kawaida hajalipata dukani. Lilikofika ni kwenye magari ya kusambaza vifurushi ya DHL huko Singapore, kuanzia mwaka 2023, na baadaye kwenye magari ya posta ya La Poste kaskazini mwa Ufaransa.

Ninauchukulia uchaguzi wa wateja hao wawili kuwa ushahidi mzito kuliko tangazo lolote. Gari la vifurushi linatoka kwenye karakana asubuhi na kurudi jioni. Mzigo wake unajulikana, barabara zake zinajulikana, na dereva wake akisimama njiani, mamia ya wateja wanachelewa, kwa hiyo pancha moja ina bei ambayo mhasibu anaweza kuiandika. Fundi wa kampuni anaweza kulala chini ya gari kila jioni na kukagua spoki. Nchini Japani, Bridgestone, iliyoanza kuonyesha matairi ya aina hii mwaka 2011, nayo imeelekeza juhudi zake za karibuni kwenye magari madogo ya umeme ya mwendo wa pole, yale yanayotembea mitaani chini ya kilomita 20 kwa saa. Mwendo mdogo, mzigo unaojulikana na karakana iliyo karibu ni masharti ambayo hata kwetu yanapatikana, katika viwanja vya ndege, katika mashamba makubwa, na bandarini ambako foko za kubebea mizigo zimetembelea mpira mtupu siku nyingi. Probox inayopakia mirungi Meru au Noah inayopakia abiria nje ya Arusha haina hata sharti moja kati ya hayo.

Nirudi kwenye swali la fundi, kwa sababu ndipo ninapoona upungufu ambao watengenezaji hawajaujibu. Msumari ukiingia kwenye tairi la upepo, tairi lenyewe linakuonyesha tundu kwa povu la sabuni. Linazibwa na kijana aliyejifunza kazi kwa kumtazama kaka yake, kwa vifaa vinavyoenea kwenye kopo la rangi. Ubavu ukipasuka, unatupa kipande cha mpira na kubaki na rimu. Katika tairi la spoki, jiwe lililorushwa na lori likikata spoki mbili, hakuna povu litakalokuambia kama tatu zilizobaki jirani zimepata ufa wa ndani, na hakuna gundi ya banda itakayorudisha nguvu ya nyuzi za kioo zilizokatika. Aidha, kwa kuwa tairi na gurudumu ni kitu kimoja, utakalolibadilisha ni gurudumu zima. Utaliagiza wapi ukiwa Tunduru, au Lodwar? Uwazi ule unaopendeza kwenye video nao una gharama yake: udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika hujaa hadi kwenye matao ya magurudumu, ukauke na kuwa tofali, na ukijaa upande mmoja wa gurudumu lenye mapengo, usawa wa gurudumu unapotea. Watengenezaji wanaweza kufunika ubavu huo, na wengine wameshafanya hivyo katika mifano yao, lakini kila kifuniko kinaongeza uzito na kuficha zaidi kile ambacho fundi alipaswa kukiona.

Upo pia uhai wa pili wa tairi, jambo ambalo halijadiliwi kabisa kwenye maonyesho ya Munich. Tairi lililokwisha linakuwa makatambuga, linakuwa kamba za kufungia mizigo kwenye baisikeli, linakuwa ndoo ya kisimani, linakuwa mpira wa shokapu za lori bovu. Spoki za resini na kioo haziwezi kukatwa kuwa kandambili. Sisemi hilo litoshe kuikataa teknolojia, ila bei ya tairi lisilotengenezeka wala kutumika tena lazima ihesabiwe mpaka mwisho wake, jalalani.

Ni haki kusema kwamba watu wa huku hawakusubiri Wafaransa wala Wajapani kufikiria tairi lisilo na upepo. Madereva wa zamani waliokwama porini bila tyubu walikuwa wakijaza tairi majani makavu, wakiyashindilia kwa mti mpaka lisimame, kisha wakajikongoja mpaka kijiji cha karibu. Tairi hilo la nyasi lilikuwa na kasoro zilezile za Tweel: lilitetemeka, lilipata joto, na ukikimbia liliungua.

Baina ya upepo mtupu na kukosa upepo kabisa yako matairi yanayostahimili pancha, na huku kuna mambo ya kujadili kwa mtu anayenunua gari leo. La kwanza ni ranfleti, tairi lenye ubavu mnene ulioimarishwa kiasi kwamba upepo ukiisha linabeba gari kwa kilomita 80 hivi, mradi usizidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa. BMW ililieneza tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na pamoja nalo likaondoka tairi la akiba, kwa kuwa nafasi na uzito viliokolewa. Katika nchi ambayo kilomita 80 zinakufikisha kwenye duka la matairi, huo ni mpango mzuri. Kutoka Dodoma kwenda Singida kilomita 80 zinaweza kukuacha mahali penye mbuzi na kivuli tu. Ubavu mgumu huupokea ukali wa shimo na kuupeleka kwenye rimu, na fundi mwenye vyuma viwili vya kung'olea tairi anahangaika nao nusu saa bila mafanikio, kwani unahitaji mashine. Baya zaidi, tairi lililokwishakutembea bila upepo limejisaga kwa ndani mahali asipopaona mtu, kwa hiyo kuliziba kwa kamba na kulirudisha barabarani ni kubahatisha.

Jamaa yangu wa Nairobi alinunua gari la Ulaya lililotumika, akachoka na ugumu wa ranfleti na bei zake, akafunga matairi ya kawaida. Alichosahau ni kwamba gari halikuwahi kuwa na tairi la akiba, wala jeki, wala spana ya nati. Siku tairi lilipopasuka ubavu kabla ya kufika Naivasha, alifungua buti na kukuta zulia safi. Alilipia gari la kuvuta. Kosa lilikuwa lake, na anakiri. Ila linaonyesha jinsi kifaa kilichobuniwa kama sehemu ya mpango mmoja kinavyofika kwetu kikiwa kimetenganishwa na mpango wake, kwa mikono ya wamiliki wawili au watatu, bila kitabu cha maelezo au kikiwa na kitabu cha Kijapani.

Aina ya pili ni tairi linalojiziba, na hili ndilo ninaloliona linakaribia zaidi mahitaji yetu. Ndani yake, nyuma ya kashata, yaani ile sehemu yenye michoro inayogusa barabara, limepakwa utando mnene wa gundi isiyokauka. Msumari ukiingia, gundi inaukumbatia. Ukichomoka, gundi inalifuata tundu na kulijaza. Continental ililiweka kwenye Volkswagen Passat CC mwaka 2008, na Michelin na Pirelli nazo wanayo ya kwao. Linastahimili tundu lenye upana wa mpaka milimita 5 kwenye kashata. Msumari wangu wa Chalinze ungemezwa bila mimi kujua. Ubavu haulindwi, na bei iko juu ya ile ya tairi la kawaida. Hata hivyo linabaki kuwa tairi la upepo: linafungwa kwenye rimu ileile, linajazwa kwa kompresa ileile, na likishindwa kujiziba, fundi yuleyule anaweza kulishughulikia, ingawa atalalamika kwamba gundi inamchafua na kiraka hakishiki mpaka aikwangue. Waendesha bodaboda wameifikia hatua hiyo kwa njia ya mkato kwa kumimina dawa ya pancha kwenye tyubu kupitia valvu. Kwenye pikipiki inasaidia. Kwenye gari la abiria linalokwenda kilomita 100 kwa saa singeitegemea kwa zaidi ya kunifikisha kwa fundi, kwa sababu dawa ya maji huzunguka ndani, na ikitulia upande mmoja usukani unaanza kucheza.

Lakini mjadala huu wote wa misumari una kasoro moja, nayo ni kuifanya pancha ionekane adui mkuu wa tairi. Michelin hupenda kusema kwamba kama matairi milioni 200 hutupwa kila mwaka duniani kabla ya wakati wake, na wengi huinukuu takwimu hiyo kuitetea Uptis. Ukiisoma vizuri, humo ndani wameingizwa pia waliotembea na upepo usio sahihi mpaka tairi likalika vibaya. Msumari hukusimamisha, na mara nyingi hukusimamisha taratibu. Upepo pungufu haukusimamishi. Tairi linabonyea kupita kiasi, ubavu unajikunja mara 15 kwa sekunde kwa kina kisichokusudiwa, joto linapanda, na tabaka za ndani zinaanza kuachana. Siku tabaka hizo zikiachana kabisa, kashata inabanduka kama ganda la ndizi na gari linapinduka.

Marekani iliona jambo hilo kwa kiwango cha kutisha. Agosti 2000, Bridgestone/Firestone ilitangaza kurudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka katika ajali ambazo hatimaye zilihusishwa na vifo 271 nchini humo. Kampuni mbili zilizokuwa zimeshirikiana karibu karne nzima zilirushiana lawama hadharani: Ford ilisema tairi lilitengenezwa vibaya, na Firestone ikasema gari lilikuwa jepesi kupinduka na kwamba upepo wa 26 uliopendekezwa na Ford ulikuwa mdogo mno kwa gari lile kwenye joto la kusini. Bunge la Marekani halikusubiri mshindi. Mwaka huohuo lilipitisha sheria iliyozaa sharti la kihisi cha upepo, na tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa huko linawasha taa upepo ukipungua kupita kiasi. Ulaya ilifuata, na kwa magari madogo mapya yote ya abiria sharti lilikamilika Novemba 2014. Hakuna aliyeona haja ya kuuondoa upepo. Walichotaka ni dereva aujue.

Sehemu kubwa ya magari madogo tunayoyaagiza yakiwa yametumika Japani hayana kihisi hicho. Tunategemea jicho, au teke la kiatu, na matairi ya kisasa yenye ubavu mfupi yanaweza kukosa theluthi ya upepo wake bila jicho wala kiatu kugundua. Tairi zima hupoteza upepo kidogo kila mwezi hata bila tundu, na valvu ya mpira iliyozeeka huharakisha. Kihisi cha kufunga juu ya valvu kinauzwa Kariakoo na River Road, kina kioo kidogo cha kuweka kwenye dashibodi, na kwa gari letu la wastani kingefanya kazi kubwa kuliko uvumbuzi wowote niliouorodhesha hapa. Kwa wasafirishaji wa abiria ningetaka kiwe sharti la ukaguzi, kama mkanda wa usalama ulivyo, kabla hatujaanza kubishana kuhusu spoki.

Fundi wa Chalinze alipomaliza kujaza tairi langu la nyuma mpaka 32, hakunirudishia ufunguo. Alichukua geji yake iliyopasuka kioo, akazunguka gari bila kuombwa, akapima lililo jirani, akasogea mbele kulia, yote yakawa sawa. Mbele kushoto aliinama muda mrefu kidogo, akaniita nije nisome mwenyewe. Ilikuwa 21. Alitemea mate kidogo kwenye valvu, na povu dogo likajitokeza, likapasuka, likajitokeza tena. Tairi hilo halikuwa na msumari wowote, na lilikuwa limenileta hivyo kutoka Dar es Salaam.